Ngoma ya Kumzika Rafiki: Kazi za Faustin Linyekula wa Kisangani

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona mwalimu wa chuo, mzee wa miaka sitini na kitu, ameshika kalamu kuandika habari za mcheza ngoma. Mimi mwenyewe nimestaajabu. Kwa miaka mingi kila nilipoulizwa juu ya ngoma jibu langu lilikuwa fupi, na aliyeuliza alikwenda zake akiwa na jibu lakini hana elimu. Safari hii nimeona yafaa nieleze kwanza nilichokiona, hukumu ije nyuma yake. Ndivyo walivyotufundisha masheikh wetu, kwamba mtu hawezi kukihukumu kitu ambacho hajaijua sura yake, na miongoni mwetu tulioipokea kanuni hiyo tupo tulioihifadhi kwa ulimi tu.

Sisi wa Makambako tumekaa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi Zambia inapita hapa, na hapa ndipo linapochipuka tawi la kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Malori yaendayo Lubumbashi hulala hapa, na madereva hula hapa. Kwa hiyo mambo ya Kongo hatukungoja kusimuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabanda ya video yalijaa mjini, na kama haikuonyeshwa filamu ya mapigano ya Wachina, basi zilikuwa kanda za wanamuziki wa Kinshasa, hasa Wenge Musica baada ya kugawanyika mwaka 1997. Vijana walitoka mle wakikata viuno mpaka mlangoni mwa madrasa.

Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa hodari wa kuhifadhi, ila mwili wake haukujua kutulia. Akisoma, mabega nayo yanasoma. Siku moja ya maulidi nikamkuta nyuma ya msikiti anawafundisha wenziwe hatua za ndombolo. Nikamchapa mbele ya watu, na juu ya fimbo nikaongeza maneno ambayo mwalimu hastahili kumwambia mtoto wa mwenziwe. Hakurudi tena chuoni. Baadaye nikasikia yuko Dar es Salaam, anacheza majukwaani na katika video za wanamuziki. Baba yake alikuwa jirani yangu. Hakunilaumu hata siku moja, na kule kutonilaumu kulinikaa moyoni kuliko lawama.

Mwaka jana baba huyo alifariki. Kijana alipanda basi usiku, basi likaharibika njiani, naye akafika Makambako sisi tumekwisha kufukia. Alisimama pale juu ya udongo mbichi, hakulia, mikono imening'inia kama si yake. Baada ya hitima akanijia barazani na kompyuta yake ndogo. Akasema, "Shikamoo sheikh. Nakuomba utazame kitu kimoja pamoja nami. Ukiniambia nizime, nitazima." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, weka." Sikumwambia azime. Tulitazama mpaka usiku wa manane, na kesho yake tena. Maneno mengi yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo wiki iliyofuata nilichukua alichoniachia nikapanda nacho Njombe, kwa rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha lugha hiyo. Tukakaa na jiko la mkaa katikati yetu, maana baridi ya Njombe haina mzaha, naye akawa ananitafsiria kipande kwa kipande.

Mtu tuliyekuwa tukimtazama anaitwa Faustin Linyekula. Alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, juu ya maporomoko ya mto Kongo, upande wa kusini wa Kisangani. Nchi yake wakati ule iliitwa Zaire, jina lililokuwa na umri wa miaka mitatu tu, na kabla hajafikisha miaka ishirini na mitano jina hilo nalo lilikuwa limekwisha kufutwa. Alisoma fasihi na tamthilia Kisangani mpaka vyuo vikuu vilipofungwa, akaenda Nairobi mwaka 1993. Hapo Nairobi, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda kikundi cha Gàara, na mwaka uliofuata wakapata tuzo katika mashindano ya Afrika ya utunzi wa ngoma mpya. Angalia basi kwamba huyu si mtu aliyelelewa katika uchezaji tangu utotoni. Alikuja kwenye ngoma akitokea kwenye maandishi, na mpaka leo akiulizwa kazi yake hujiita msimulizi. Mwaka 2001 alirudi kwao, akaanzisha Kinshasa jumba la kazi aliloliita Studios Kabako, kisha akalihamishia Kisangani. Mwaka 2007 Waholanzi walimpa tuzo kuu ya Prince Claus. Ameonyesha kazi zake Vienna, Paris, Brussels, Lisbon, London na New York.

Sifa hizo nimezitaja kwa kuwa ni za kweli, wala sizo zilizonifanya nisilale. Ufunguo uko katika lile jina, Kabako. Kabako alikuwa rafiki yake wa ujana, mwandishi kama yeye, na alikufa kwa tauni mwishoni mwa karne iliyopita, akazikwa mbali na kwao. Tauni, ndugu msomaji, ugonjwa ambao wengi hudhani umebaki katika vitabu vya historia. Linyekula alipojenga jumba lake hakuliita kwa jina lake wala kwa jina la mfadhili. Aliliita kwa jina la maiti.

Mwaka 2006 ilikuwa miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart, na mji wa Vienna ukaandaa tamasha kubwa chini ya usimamizi wa Mmarekani Peter Sellars. Linyekula akaalikwa atunge. Akatunga kazi iitwayo Dinozord, na baada ya miaka sita, mwaka 2012, akairudia upya kwa jina la Kifaransa lenye maana ya kufuata nyayo za Dinozord. Dinozord ni jina la jukwaani la mmoja wa wachezaji, kijana wa Kongo aliyejibandika jina la wale wanyama wakubwa wa kale waliotoweka duniani. Humo mna vipande vya muziki wa mazishi wa Mozart, mna kwaya ya Charles Lwanga ya Kisangani, mna gitaa la Jimi Hendrix, na mna Mkongo mmoja, Serge Kakudji, mwanamume mwenye sauti nyembamba ya juu mfano wa sauti ya mwanamke, anayeimba kama mtu aliyetumwa kumwita mtu asiyeitika. Kwa masikio yangu mchanganyiko huo ulikuwa fujo kwa robo saa ya kwanza. Baadaye nikauelewa. Pale ambapo mtu amekufa ugenini, kila anayejua chochote huleta anachokijua.

Yupo na wa pili aliyekosekana. Antoine Vumilia Muhindo, naye rafiki wa ujana na mwandishi, alikamatwa mwaka 2001 baada ya kuuawa Rais Laurent-Désiré Kabila, akahukumiwa kifo, akakaa gerezani Kinshasa karibu miaka kumi. Kazi ilipoonyeshwa mara ya kwanza, maneno yake yalikuwa jukwaani na yeye yuko kifungoni. Aliandika ndani, yakatoka nje. Baadaye alitoroka, akapata hifadhi Sweden. Kazi iliporudiwa, alikuja mwenyewe na kusimama pale ambapo zamani yalisimama maandishi yake. Nilimwomba rafiki yangu wa Njombe arudishe nyuma nitazame tena, si kwa uzuri wa uchezaji, bali nilitaka kumwona mtu aliyehukumiwa kufa akipita kwa miguu yake mbele ya wale waliobaki nje wakimngoja. Mwandishi wa riwaya angeweza kulibuni jambo hilo na tusingemwamini.

Sasa nieleze ninavyoifahamu kazi hii, na kama nimekosea wenye ujuzi wa jukwaa wanisahihishe. Kwetu sisi kumzika maiti ni faradhi ya kutoshelezana. Wakitokea watu wachache wakamwosha, wakamkafini, wakamsalia na kumzika, wengine wote wamesalimika. Asipotokea mtu, deni liko shingoni mwa kila aliyejua. Aghalabu tunaisoma sheria hii darasani kama hesabu ya watu. Kumbe ina upande wa pili, nao ni hali ya yule aliyejua na hakuweza kufika. Sheria haimtii hatiani, kwani hakupata uwezo, lakini moyo wake hausomi fiqhi. Linyekula ni mtu huyo. Kazi zake nilizoziona ni jaribio la mtu aliyekosa maziko kutafuta namna ya kuhudhuria. Ndiyo maana mwili wake hauchezi kama wachezavyo katika zile kanda za Kinshasa. Unaanza hatua na kuiacha. Mtetemo unaanzia kwenye uti wa mgongo, unafika begani, unakatika. Anakwenda chini kama aliyekwaa kitu, anainuka kabla hujajua kama ameanguka au ameinama. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba katika ufundi wao jambo hilo ni gumu sana, kuuonyesha mwili unaoshindwa ilhali kila mshipa uko chini ya amri. Nami nilimjibu kwamba nimekwisha kuliona makaburini, kwa watu wasiojua ngoma yoyote. Sikumwambia kwamba siku tatu nyuma nililiona kwake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wenzetu ambao neno ngoma likitajwa hufunga kitabu. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama nyuma ya bega la Mtume (S.A.W.) mpaka akatosheka mwenyewe, habari hii iko katika vitabu sahihi na hakuna asiyeijua. Imamu Ghazali aliandika mlango mzima juu ya kusikiliza na kutikisika, na hakukata hukumu moja kwa wote, bali aliuliza ni nini kilichomo moyoni mwa anayetikisika. Sisi tunaosimama katika dhikiri tunajua mwili unaweza kubeba jambo ambalo ulimi umechoka kulibeba. Sisemi kwamba jukwaa la Vienna ni halaka ya dhikiri. Nasema aliyeona mtu analia kwa mabega yake asimwambie anakata kiuno.

Kuhusu mavazi sina budi kusema, maana wasomaji wangu watauliza. Mara nyingine hucheza kifua wazi. Uchi wa mwanamume unajulikana mipaka yake, na wavuvi wetu wa pwani na wapasua mbao wetu wa Njombe hufanya kazi hivyo hivyo. Wapo wachezaji katika baadhi ya kazi zake ambao nilifumba macho. Tuendelee.

Jambo lililonifundisha zaidi ni matumizi ya video. Mwezi wa Machi 2020 Linyekula alikuwa London, katika jumba la sanaa la Tate Modern, aonyeshe kazi yake ambayo jina lake maana yake ni kwamba mwili wangu ndio nyaraka zangu. Mahali penyewe ni matangi ya chini ya ardhi yaliyokuwa zamani ya mafuta, kwani jumba lile lilikuwa kituo cha kufulia umeme. Ukaja ugonjwa wa korona, milango ikafungwa, watazamaji wakazuiwa. Yeye akacheza hivyo hivyo, ukumbi mtupu, mbele ya kamera. Wengi wangesema onyesho limeharibika. Mimi naona hapo ndipo lilipotimia. Mtu anaongea na wahenga wake katika tangi tupu la zege, hakuna wa kumpigia makofi, na kamera imebaki kuwa shahidi peke yake. Wakati ule ule sisi huku tulikuwa tukizika kwa haraka na kwa watu wachache, kila mmoja akimwogopa mwenziwe, na kuna nyumba Makambako na Njombe ambazo jamaa zao walio mbali waliyaona maziko katika simu ya mkononi. Kabla ya hapo nilikuwa nikikemea simu makaburini. Siku hizi nauliza kwanza anarekodi kwa ajili ya nani.

Katika kazi hiyo lipo jambo jingine lililonigusa. Alipotaka kuusimulia ukoo wake aliona kwamba habari zilizopokewa ni za wanaume tu, fulani bin fulani bin fulani, na wanawake wameanguka njiani. Basi akawatafutia mahali, akawarudisha kwa sanamu za mbao. Sanamu sizikubali, na sitajifanya kwamba nazikubali. Lakini swali lake nililipeleka darasani kwangu. Niliwauliza vijana kumi na wanane wanitajie baba saba kwenda juu, na wanane walifika watano au sita. Nilipowauliza jina la mama wa bibi yao, walitazamana. Na sisi ndio watu ambao nusu ya elimu ya nyumbani kwa Mtume tumeipokea kwa kinywa cha mwanamke!

Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York lilimwita aonyeshe. Akaomba kwanza atazame ghalani vitu vya Kongo, akakuta sanamu ya Walengola, watu wa mama yake, iliyowekwa huko bila kuwahi kuonyeshwa. Kazi aliyoitunga aliipa jina la kijiji cha ukoo wa mama yake, Banataba, akaicheza na Moya Michael, mwanamke wa Afrika Kusini, ndani ya jumba lile lile lililoifungia. Mimi si mtetezi wa masanamu, lakini najua mali ya watu ni nini na ghala ni nini. Kitu kilichotolewa mahali pake kikafichwa gizani hakiwafai waliokichukua wala walionyang'anywa. Alichofanya Linyekula ni kama mtu aliyekwenda kumtazama ndugu yake aliyefungwa asikoweza kumtoa, akamwambia, "Nimekuja, watu wa nyumbani wanakusalimu."

Hapo mwalimu wa dini ya Kiislamu asijiweke pembeni kama mtazamaji tu. Kisangani yenyewe, kabla Wabelgiji hawajaikamata barabara, ilikuwa mkononi mwa mtu wetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alitoka Unguja akafika maporomoko yale kutafuta pembe na watumwa, na mwaka 1887 Mfalme Leopold akampa ugavana wa mahali hapo. Kiswahili kilichoko huko, na Uislamu pia, viliingia na misafara hiyo. Tunajivuna sana kwamba lugha yetu imefika mpaka Kisangani. Hatuulizi ilifika imebebwa na nani, na waliobeba pembe ni wangapi waliobaki njiani bila sanda. Linyekula amesema mara nyingi kwamba alichorithi ni magofu, na mwaka 2019 alitunga kazi nzima juu ya namna Wazungu walivyoigawa nchi yake mezani Berlin mwaka 1884 na 1885, akitumia kitabu cha Mfaransa Éric Vuillard. Kazi hiyo ni kali na inastahili. Kama siku moja atatunga nyingine juu ya misafara ya watu wetu, sitasema anatuonea. Maiti wale nao wako shingoni mwa mtu.

Nimemsifu vya kutosha. Sasa nimlaumu.

Lawama ya kwanza ni lugha. Rafiki yangu wa Njombe alichoka kutafsiri, nami nilichoka kungoja. Mtu aliyezaliwa Ubundu, aliyeishi Nairobi, ambaye watu wa mji wake wanaongea Kilingala na Kiswahili sokoni na kisimani, anamlilia rafiki yake kwa Kifaransa, na chini ya picha yanapita maandishi ya Kiingereza. Najua sababu zake. Wenye kumbi ndio wenye kulipa, na shule iliyomfundisha kuandika ilimfundisha kwa lugha hiyo. Hata hivyo, matanga hufanywa kwa lugha ya marehemu na majirani zake. Katika vipande nilivyoviona, kila yalipoingia maneno ya nyumbani au sauti za kwaya ile ya Kisangani, kazi ilipata uzito papo hapo, na kila yaliporudi maelezo marefu ya Kifaransa ilikuwa kama mtu anayemweleza mgeni msiba wa nyumbani kwake. Mgeni ataelewa, ndiyo. Wafiwa wameachwa uani.

Ya pili inafuata hiyo. Huzuni ikiwa na kiingilio, na ikirudiwa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa saa mbili za usiku, kuna siku itachezwa bila kuwamo. Mwanafunzi wangu alikasirika niliposema hivyo. Aliniuliza, "Sheikh, na wewe hotuba ya Ijumaa unaisoma kila wiki, siku zote moyo umo?" Nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Lakini bado nalishikilia neno langu. Kumsaidia Linyekula, yapo haya: mji wa kuhamia alikuwa nao Paris au Lisbon, na hakuhamia. Alirudi Kisangani, mji ambao Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania ndani yake siku sita, mizinga ikipita juu ya nyumba za watu ambao vita havikuwa vyao. Hapo analea vijana, anawatafutia ala na vyombo vya kurekodia, na fedha zinazopatikana katika kumbi za Ulaya zinarudi kuwafundisha. Kwa hiyo kiingilio kile nimekipunguzia ukali, sikukifuta.

Na ipo kazi moja ambayo kwayo ningependa vijana wetu waanzie, kabla ya zile za mazishi. Mwaka 2009 Linyekula alimchukua Flamme Kapaya, mpiga gitaa kutoka Kisangani aliyepata jina katika kundi la Werrason, akampa maneno ya Vumilia, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani, na wakatunga onyesho la kelele nyingi juu ya siku zijazo. Nilipolisikia gitaa lile nilimwomba kijana asimamishe. Nililijua. Ndilo lililokuwa likitoka katika mabanda ya video ya Makambako jioni nzima, miaka ile, nikalipita nimeziba masikio kwenda kusalisha Magharibi. Gitaa lile lile, mpigaji yule yule, na sasa linabeba maneno ya mtu aliyehukumiwa kifo. Muziki ule wa starehe ulikuwa na nafasi ndani yake, na mtu mmoja alijua nini cha kuweka mle. Kijana wangu alicheka. Alisema hatua alizokuwa akiwafundisha wenziwe siku ile ya maulidi zilikuwa za gitaa hilo.

Nilimwomba radhi. Nilichelewa zaidi ya miaka ishirini, na baba yake hakuwapo kusikia. Alinishika mkono akasema, "Yamepita hayo, sheikh," kisha akaniuliza kama inafaa akienda kaburini peke yake, bila ya watu, akakaa tu. Nikamwambia inafaa.

Alikwenda alfajiri kabla ya basi la Dar es Salaam. Sikumfuata. Kwa wale wenye vyombo vya kuonyeshea, walimu wa sekondari za Njombe na Makambako hasa, zipo sehemu za kazi hizi zinazopatikana bila gharama kubwa, na kile kipande cha London cha mwaka 2020 ndicho rahisi kufuata kuliko vyote, kwa kuwa mtu yuko peke yake na maneno si mengi. Waonyesheni vijana mchana, mkae nao, na mwenye Kifaransa awepo.